Fomu za Kambi ya Ziwani

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kujua kama watu wamefurahi. Kuwafurahisha hakukuwa juu yangu. Hiyo ilikuwa kazi ya madereva, wapishi na wafua shuka huko porini. Mimi nilikaa orofa ya tatu katikati ya mji wa Nairobi, dirisha langu likitazama ukuta wa jengo jirani, na furaha ya watu ikaletwa mezani kwangu ndani ya bahasha za kaki. Usinionee wivu. Ukisoma furaha ya wengine tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na Jumamosi nusu siku, hufiki nyumbani ukiimba. Nilikuwa nimepanga chumba cha nyuma kwenye boma la watu huko Loresho, kile wanachokiita esikyuu, na nikifika nilivua viatu nikakaa kitandani na mkoba ungali begani.

Kampuni ilikuwa ndogo. Mwenyewe tulimwita Madam, mama wa makamo ambaye kwao ni viungani mwa Nairobi, watu wa kahawa na ng'ombe wa maziwa. Wenzake walipokuwa wakijenga nyumba za kupangisha, yeye aliingia biashara ya watalii, na kila mwezi alituambia amejuta. Alikuwa na kambi nne za hema. Tatu zilikuwa kusini, kwa simba na tembo, ambako mgeni hahitaji kubembelezwa. Ya nne ilikuwa kaskazini kabisa, kupita Marsabit, ukingoni mwa ziwa lenye maji ya magadi. Huko hakuna simba. Kuna mawe meusi, mamba, upepo usiopumzika na joto la kukausha nguo ukiwa umezivaa. Sisi tuliiita kambi ya ziwani, na ndiyo niliyoipenda, ingawa sikuwahi kuikanyaga hata siku moja.

Niliijua kwa masikio tu. Pembeni mwa meza yangu palikuwa na redio ya kuongea na kambi, maana simu za mkono zilikuwa hazijafika kule. Kila Jumatatu saa tatu nilibonyeza kitufe nikaita, na kwenye mkwaruzo ule ikatoka sauti nene ya msimamizi. Mimi nilimwita mzee, yeye akaniita dada wa Nairobi. Alikuwa mtu wa hapo hapo ziwani. Kisima cha kambi alikichimba kwa mikono yake, na watu kumi na mmoja waliofanya kazi chini yake walikuwa majirani zake na mashemeji zake. Aliniagiza majani ya chai, sabuni, kamba za hema kwa sababu upepo umekula zile za zamani. Nikimaliza kuandika, hakukosa kuuliza swali lake, akilifunga kwa neno la redioni, ova, kunipisha nijibu.

"Wageni wa juzi walifurahi, dada? Ova."

"Walifurahi sana, mzee. Ova."

"Basi Mungu mkubwa," alikuwa akisema, nami nikimsikia akiwageukia wenzake na kuwaambia kwa lugha yao, na wao wakicheka kwa raha. Kwa dakika hiyo moja Jumatatu yangu ilikuwa nzuri.

Mwanzoni nilikuwa nikisema kweli. Nieleze zile fomu za maoni walizojaza wageni, maana hapo ndipo tulipoteleza. Mgeni aliulizwa mambo matano: hema, chakula, wafanyakazi, matembezi, na safari yote kwa jumla. Kila swali lilikuwa na namba, moja hadi tano, naye alizungushia duara namba aliyoitaka. Tano ni nzuri kabisa, moja ni mbaya kabisa. Juu ya ukurasa palikuwa na mstari mmoja uliosema hivyo. Mimi nilizijumlisha, nikapiga hesabu zangu, na kila mwisho wa mwezi nikachora mwenendo wa kila kambi kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani. Kambi za kusini nilizichora kwa kalamu ya bluu, kijani na nyeusi. Ziwani ilipewa nyekundu, kwa sababu ndiyo iliyobaki.

Kisha Madam akachorewa nembo mpya, twiga wawili na jua, kubwa kama sahani ya ugali. Akataka iwe juu ya kila karatasi, na fomu isizidi ukurasa mmoja. Nilihangaika nayo mchana mzima kwenye kompyuta. Kila nikiwaweka wale twiga, swali la mwisho linasukumwa upande wa pili. Mwishowe nikaufuta ule mstari wa maelezo. Nilijiambia, nani anausoma, na mimi mwenyewe huwa pale kueleza kwa mdomo?

Na kweli nilikuwa pale, kwa wageni wa kusini. Desturi ya Madam ilikuwa kwamba mgeni haondoki nchini bila chakula cha mchana cha kwaheri nyumbani kwake Lavington. Mlinzi alifungua geti na kulifunga, mtunza bustani akageuka mchoma nyama kwa siku hiyo, nami nikapita kati ya viti na rundo la kalamu nikisema moja mbaya, tano nzuri, moja mbaya, tano nzuri, mpaka ulimi ukachoka. Lakini wageni wa ziwani hawakupita Lavington. Ndege yao ndogo iliwatoa kule alasiri, wakaunganisha moja kwa moja na ndege ya kwenda kwao. Fomu walijaza kambini, baada ya chai ya mwisho, na rubani akaniletea bahasha. Kule mimi sikuwepo, na nilipokuwa nikiufuta ule mstari jambo hilo halikunijia kichwani hata kidogo.

Bahasha ya kwanza ya fomu mpya ilikuja imejaa namba moja tu. Hema moja, chakula moja, wafanyakazi moja. Nilidhani wageni wale walikuwa na kisirani. Ya pili ikaja hivyo hivyo. Kwenye ya tatu namba mbili ilitokea mara moja tu, kwenye hema, na zingine zote zilikuwa namba moja.

Nilizipeleka kwa Madam. Alivaa miwani akazipitia. Chini ya fomu palikuwa na nafasi ya maoni, na baadhi ya wageni walikuwa wameandika maneno matamu, kwamba hawatasahau, kwamba watarudi na watoto wao. Wengine waliandika Kijerumani na Kiitaliano, hatukujua wamesema nini.

"Lakini huyu amesifu, Madam," nikasema. "Ona hapa."

"Mzungu hana shida ya kusifu," akasema. "Hata ukimpikia mawe atakuambia asante, yalikuwa mazuri. Namba ndiyo inasema ukweli. Hiyo kambi imelegea."

Alikuwa amekaa na wageni miaka mingi kunishinda, nami sikubishana. Siku hizo sikubishana na mtu kuhusu chochote. Nilirudi mezani, nikachukua kalamu nyekundu, nikauteremsha mstari.

Jumatatu ikafika. "Wageni wa juzi walifurahi, dada? Ova."

Nilishikilia kitufe. Nilimwona, kwa vile nilivyomchora kichwani, mtu mkubwa mwenye mabega, amesimama kando ya redio na wale kumi na mmoja nyuma yake. Kwetu Ukambani nimelelewa kwamba mtu akikusalimu unajibu ni kuzuri, hata kama nyumba inaungua. Mabaya yatasemwa baadaye, mkishakaa. Ila kwenye redio hakuna kukaa. Na kambi zote nne zinasikiliza.

"Walifurahi, mzee. Ova."

Hivyo ndivyo nilivyoanza, na nikaendelea karibu mwaka mzima. Nisijipambe: haikuwa huruma peke yake. Ningemwambia hawakufurahi, angeuliza kwa nini, ningelazimika kumweleza, angejitetea, ningeandika utetezi wake, ningeupeleka kwa Madam, na Madam angenijibu kwa ukali ambao ningeurudisha redioni. Neno moja, walifurahi, liliniokoa kwenye hayo yote. Uvivu ukivaa nguo za upole hata mwenyewe huutambui.

Tukaanza kuitibu kambi isiyougua. Tukapeleka magodoro mapya. Tukapeleka vyandarua vizuri zaidi. Chakula kilipoendelea kupata moja, Madam akamwondoa mpishi, shemeji wa yule mzee wa redioni, akapeleka mwingine kutoka Parklands aliyewahi kupika kwenye hoteli. Mimi ndiye niliyeitangaza habari hiyo redioni. Nilisema ni mabadiliko ya kawaida tu. Mzee akauliza, "Alikosa nini?" Nikamwambia hakukosa kitu. Wageni waliofuata walimpa mpishi mpya moja, sawasawa na wa zamani. Madam akatikisa kichwa, akasema hata ukipeleka malaika kule atakunja mabawa. Nami nikaona ana haki ya kusema hivyo, kwa kuwa mstari mwekundu ulikuwa umefika chini ya karatasi na haukuwa na pa kwenda tena.

Halafu zikaja zile vurugu za baada ya uchaguzi, na wageni wakakatika kama maji ya mfereji. Miezi mizima hatukula chakula cha kwaheri Lavington. Madam alikonda. Siku moja alisimama mbele ya karatasi ya ukutani, mikono kiunoni, nikajua anachotazama kabla hajasema.

"Nne siwezi," akasema. "Tatu nitajaribu. Ile ya kaskazini tufunge. Kama watu hawaipendi hata nchi ikiwa na amani, sasa nani ataipenda?"

Aliniachia mimi nimwambie mzee. Nilifanya hivyo Jumatatu saa tatu. Nilisema wageni wamepungua, ni mambo ya siasa, si wao. Hilo lilikuwa nusu ya ukweli, na kwa viwango vyangu vya wakati ule ilikuwa ni maendeleo. Redio ilikwaruza.

"Lakini walikuwa wanafurahi," akasema. "Ova."

"Walikuwa wanafurahi, mzee. Ova."

Lori la kampuni lilikwenda likarudi na hema. Yeye mwenyewe alikuja wiki kadhaa baadaye, kukabidhi redio, funguo na daftari za stoo. Alisafiri siku tatu juu ya lori la mbuzi. Nilisikia hodi, nikainua kichwa, mlangoni amesimama mtu mfupi, mwembamba, ndani ya koti zito la watu wa baridi, kwa vile ulikuwa mwezi wa saba na Nairobi ilikuwa imenuna. Aliposema, "Dada wa Nairobi," ile sauti nene ikatoka kwenye kile kifua chembamba, nusura nicheke. Tulipeana mikono, tukashindwa kuiachia. Alikuwa ameniletea samaki wakavu kwenye gunia la sukari. Kwa dakika tano orofa yote ilinuka ziwa, na msichana wa ofisi ya jirani akaja kuuliza kama kuna panya amekufa. Mzee alimwambia panya wa kwao wana magamba. Tulicheka, wote watatu.

Nikammiminia chai kutoka kwenye thamosi. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akazungusha macho chumbani, akaona karatasi ya ukutani.

"Huu mwekundu ni wa nani?"

Hapakuwa na kitufe cha kushikilia. "Ni wenu, mzee."

"Umeanguka."

"Umeanguka."

Aliutazama tena, akaifuata njia yake kwa kidole hewani, toka juu mpaka chini. Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa mtoto wake ni mwizi na bado anangoja kuonyeshwa kitu kilichoibwa. "Naweza kuona walichoandika?"

Nilimpa faili. Nini kingine ningefanya? Nikageuka dirishani, kwenye ule ukuta wangu, nisimwone akisoma. Nilisikia karatasi zikigeuzwa, kidole kikilambwa, karatasi nyingine. Kisha nikasikia anacheka, kicheko kidogo cha puani.

"Huyu namkumbuka," akasema. "Huyu mama aliumwa na nge, akavimba mguu hivi. Na bado akatupa namba moja." Akageuza. "Namba moja. Namba moja. Huyu naye namba moja." Akainua macho, na macho yenyewe yalikuwa yameng'aa. "Dada, hakuna aliyetushinda. Sasa mstari ulianguka kwa nini?"

Niligeuka kutoka dirishani.

"Mzee," nikasema, "ni nani aliwaambia waandike moja?"

"Mimi. Waliniuliza hizi namba zinaanzia wapi, karatasi haisemi. Nikawaambia ni kama shuleni. Namba moja ndiye wa kwanza, anapigiwa makofi. Namba tano ni wa tano." Alisema bila wasiwasi, kama unavyomweleza mtu njia ya kwenda posta. "Hata wale Wajerumani waliniambia kwao ni hivyo hivyo, moja ndiyo ya juu."

Na mimi pia nilisoma shule hizo hizo. Mama yangu aliweka ripoti yangu ya darasa la sita ndani ya Biblia kwa sababu niliibuka namba moja. Mwaka mzima nilikuwa nikitazama namba moja tupu, zile namba mbili zikiwa za kuhesabu kwa vidole, namba moja ambazo hata mtu mwenye chuki hana subira ya kuzipanga namna hiyo, tena zilizoanza na bahasha ile ile ya kwanza ya fomu zenye twiga, na sikuuliza. Niliketi. Nikamweleza yote. Nilimweleza mstari nilioufuta, na twiga, na Lavington, na mpishi. Sikumficha kitu, na sasa tulikuwa tumekaa, kama desturi inavyotaka.

Alisikiliza na chai ikapoa. "Kwa hiyo wewe ulikuwa ukisoma hizi kwamba ni mbaya."

"Ndiyo."

"Na kila Jumatatu ukaniambia walifurahi."

"Ndiyo, mzee."

"Ungeniambia mara moja tu kwamba hawakufurahi," akasema, "ningekwambia unitajie jina la huyo. Ningekuuliza alikasirikia nini. Tungefika hapa siku ile ile." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Mchana huo nilikwenda Lavington na faili kifuani. Madam alikuwa kwenye veranda, na nyasi za bustani hazikuwa zimekatwa tangu mtunza bustani apunguziwe siku za kazi. Alizisoma fomu upya, moja baada ya nyingine, akivua miwani na kuivaa. Nilimwambia kosa ni langu.

"Uliona namba moja tupu mwaka mzima, na hukushangaa?"

"Na wewe uliziona, Madam."

"Mimi niliona mstari wako." Akafunga faili. Alikaa akitazama geti. "Hema zimekwenda kusini. Kiwanja nimeshawarudishia halmashauri, nimetia sahihi. Hata ningetaka, sina wageni wa kupeleka." Aliniambia nimwandikie mzee barua nzuri, yenye nembo, naye ataitia sahihi. Hakunifuta kazi. Nadhani alichoka, na mimi nilikuwa nimechoka, na wachovu wawili hawafukuzani.

Asubuhi iliyofuata mzee alipita kuchukua barua kabla ya kwenda kutafuta lori la kurudi. Nilikuwa nimeiandika mara nne. Aliisoma akiwa amesimama, polepole, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Aliniambia nitakapowapika wale samaki niwaloweke kwanza, chumvi itoke. Nikamwambia nitafanya hivyo. Kwenye meza redio yake ilikuwa imekaa kando ya yangu, zote mbili zimezimwa.

Alifika mlangoni, akageuka.

"Sasa niambie, dada. Wageni walifurahi?"

"Walifurahi, mzee," nikasema. "Walifurahi sana."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza katika mwaka mzima kumjibu nikijua ni kweli. Aliniangalia usoni, muda mrefu, kama mtu anayekagua noti kwenye mwanga, nami nikajitahidi kutopepesa macho.

"Hata wakati ule," akasema, "ulisema hivyo hivyo."

Akashuka ngazi na gunia lake tupu chini ya kwapa.